Msemaji wa Wapishi wa Barazani

Nilikisifu kile kifungu kwa sababu nilikiamini, au kwa sababu meza nzima ya wabunge ilikuwa imenigeukia? Swali hilo lilininyima usingizi kwa wiki kadhaa. Nililigeuza kama mtu anayegeuza chapati iliyokwisha kuungua, upande huu na upande ule, huku akijua kwamba kugeuza hakusaidii tena. Mara nyingine nilijijibu kwamba nilikiamini, nikapumua. Kisha nikajiuliza: mbona basi nilipokuwa nikisema nilisimama wima kuliko kawaida yangu, mbona nilitamka "mheshimiwa mwenyekiti" kwa sauti ambayo nyumbani hawaijui? Alfajiri iliadhiniwa nikiwa bado na swali langu.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimelelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa babangu, ambaye asubuhi huuza mahamri na mbaazi barazani petu na jioni huuza viazi vya karai. Karai hilo ndilo lililonipeleka chuo kikuu, nikasomea siasa na utawala wa umma, nikarudi na shahada ambayo mpaka leo haijanipa kazi ya kudumu. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa bibi ambaye mtaa wote humwita Bi Mkubwa. Wazee wake walitoka Hadhramaut, Uarabuni, zamani sana, hata yeye hajui ni lini, na yeye huoka mkate wa mofa mlangoni pake. Kwenye ngazi za nyumba yake huketi mama mmoja wa Kirabai, Mkristo, ambaye kila siku huvuka feri kutoka Likoni kuja kukaanga mihogo. Halipi kodi pale. Siku moja Bi Mkubwa alimwambia akae, naye akakaa.

Mswada ulioletwa Bungeni ulikuwa wa kulinda majengo ya kale. Sehemu yake kubwa ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitia matatani, kwa sababu mimi jambo likiwa na uzuri hata kidogo siwezi kulinyamazia. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja kilichokataza moto na biashara yoyote kwenye baraza na mlango wa mbele wa kila nyumba itakayolindwa. Nyumba yetu ingelindwa. Ya Bi Mkubwa ingelindwa. Takriban mtaa mzima ungelindwa. Kifungu kile kikiwa sheria, shangazi hangekuwa na pa kuweka karai lake, na mama wa mihogo hangekuwa na sababu ya kupanda feri.

Nilikuwa wa kwanza kuwaeleza wapishi hawa. Jioni moja waliniita barazani, nikawaambia hatua zote kama nilivyofundishwa: kwamba mswada husomwa Mara ya Kwanza, lakini hausomwi kwa kweli, karani husoma kichwa chake tu, kwamba baada ya hapo hupelekwa kwa kamati ya wabunge, na kamati lazima isikie maoni ya wananchi, kwamba kamati ikisharudi na ripoti, mswada husomwa Mara ya Pili, wabunge wakajadili wazo lake lote, kisha wakaupitia kifungu kwa kifungu, kwamba kuna Mara ya Tatu, na baadaye Seneti, kwa kuwa jambo lenyewe lagusa kaunti, na mwisho kabisa ni saini ya Rais.

"Basi ni posa," alisema Bi Mkubwa. "Barua yaletwa, hawajibu. Wazee wakae, waulizane kijana aswali, anywa, ana dada wangapi. Wakisha kuchoka ndio waseme haya."

"Na bibi harusi huulizwa lini?" mama wa mihogo aliuliza.

"Ndio sisi hao, shoga. Twaulizwa kwenye kamati. Na bibi harusi akinyamaza, amekubali."

Walicheka sana. Nami nilicheka, bila kujua kwamba hapo lilisemwa jambo ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulishika.

Maana kwetu kuna desturi. Mtaa ukiwa na neno la kupeleka mbele ya wageni, huteuliwa msemaji mmoja. Iwe ni kwenda kuposa, iwe ni ugomvi wa mpaka wa ukuta, iwe ni kumwendea kadhi, mmoja husema na wengine humsindikiza. Akishasema, walio nyuma yake hunyamaza. Hawanyamazi kwa woga. Kunyamaza kwao ni muhuri. Kuongeza neno baada yake ni kumwambia mbele ya watu kwamba hakutosha. Desturi hii nimezaliwa nayo, siioni, kama vile mtu asivyoisikia harufu ya nyumba yao.

Wakaniteua mimi. Shangazi alijifanya hajali. "Haya, nendeni mukamsikize huyo," alisema, "miaka yote hii alikuwa asoma, tuone kama wamemfunza kusema au kuandika tu." Lakini siku ile yeye mwenyewe alilipiga pasi buibui langu, na alichemsha viazi mapema ili asikose.

Kamati ilikutana katika ukumbi mmoja huko Tononoka. Tulifika kundi kubwa, wanawake wa mtaa wetu safu baada ya safu, na kwa kweli ukumbi ulijaa sisi. Wabunge walikuwa mbele, nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa, na makarani wa Bunge kando yao wakirekodi. Kabla yetu alisema mwenye hoteli, akasema mtaalamu mmoja wa majengo, akasema mzee ambaye hakuwa na habari na mswada ila alitaka barabara yao itengenezwe. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu. Kisha aliita Mji wa Kale, nikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa mno. Nilijua kwamba moshi kweli huila chokaa, kwamba milango ya kuchonga hupasuka ikikaa karibu na moto, kwamba serikali ina wajibu wa kulinda urithi. Nilidhani nikianza kwa kuyakubali haya nitaonekana mtu wa haki, na mtu wa haki husikilizwa. Basi nikayakubali. Nikasema kifungu kile kina hekima yake. Nikaeleza hekima hiyo, na nikaieleza vizuri kuliko waliokiandika. Niliona mwenyekiti akiinua kichwa. Niliona mbunge aliyekuwa akisoma simu yake akiiweka mezani. Mwanamke mmoja katika wale wabunge alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayemsikia mwanafunzi wake, na mimi, badala ya kugeukia jambo lililonileta, nikaongeza mfano mwingine kwa ajili yake. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na sauti ndogo ikisema: huenda mmoja wa hawa akauliza huyu binti ni nani, afanya kazi wapi.

Karani akanionyesha kwamba muda umekwisha. Nikasema harakaharaka kwamba hata hivyo, kwa maoni yetu, ingefaa wanaopika wafikiriwe. Wafikiriwe. Ndilo neno nililolitumia.

"Asante sana, binti msomi," mwenyekiti alisema. "Ningependa wote wanaokuja mbele yetu wawe na mizani kama yako. Kuna mwengine wa Mji wa Kale ana la kuongeza?"

Ukumbi mzima wa watu wangu ulimtazama, kimya. Bi Mkubwa, aliyekuwa safu ya mbele, alijifunika vizuri upande wa uso na kusema, "Keshatusemea."

Mwenyekiti aliandika kitu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wakinipongeza njia nzima. Mama wa mihogo aliniambia kwamba hakuelewa yote, "lakini walikukodolea macho wote, hata yule aliyekuwa alala." Jioni shangazi alinipakulia viazi vyangu mwenyewe, vile vidogo vilivyokauka vizuri ambavyo huwawekea wateja wa zamani. Nilivila huku nikianza kuhesabu katika akili ni maneno mangapi niliyatoa kwa kifungu na ni mangapi niliyatoa kwa karai, na hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Siku mswada uliposomwa Mara ya Pili tulikusanyika sebuleni kwa Bi Mkubwa, baada ya swala ya alasiri, kwa sababu kikao kilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni na televisheni yake ndiyo kubwa. Aliandaa chai ya viungo na kaimati kana kwamba kuna mgeni. Mwenyekiti wa kamati alisimama kuleta hoja, naye alichagua kusema Kiingereza. Wanawake wakanisukuma mbele nikae chini karibu na kioo niwatafsirie.

"Anasema walizunguka kaunti kadhaa," nilisema.

"Haya."

"Anasema wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa walijitokeza kwa wingi."

"Ni sisi hao," alisema mama wa mihogo, na akajipangusa mikono kwenye leso ingawa ilikuwa safi.

"Anasema wakazi hao, kupitia kwa mwakilishi wao, ambaye ni binti msomi..."

Wakanipiga makofi mgongoni. Mtu mmoja alipiga kigelegele kidogo, akakikata ili tusipitwe. Mimi nilikuwa nimeshasikia sentensi inavyoendelea. Mwenyekiti alikwisha kuimaliza na kwenda kwenye jambo jingine, na mimi nilikuwa bado nayo mdomoni.

"Mbona wanyamaza?" shangazi aliuliza. "Binti msomi kafanyani?"

Nilifikiria kusema anawashukuru. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilijua kwamba baadaye mbunge mwengine angesimama na kusema Kiswahili, na isitoshe nyuso zao zilikuwa zimenielekea kwa imani ambayo sikuweza kuiongezea uongo. Nikatafsiri. Nilisema wakazi wale walikiri kwamba kifungu cha kuzuia moto na biashara barazani kina hekima, wakaomba tu kwamba wapishi wafikiriwe. Kwamba mwenyekiti aliwauliza waliobaki kama wana la kuongeza, na hakuna aliyekipinga. Kwa hiyo kamati yapendekeza kifungu kibaki kama kilivyo.

Kwenye kioo mjadala uliendelea, mmoja akisimama, mwengine akiketi. Mwishowe Spika aliuliza wanaounga mkono waseme ndio, na ukumbi ukasema ndio. Akauliza wasiokubali waseme la, na la ilisikika moja, hafifu. Akatangaza kwamba walioitikia ndio wameshinda. Ilikuwa haraka kuliko kukaanga sahani ya viazi.

Bi Mkubwa alizima televisheni. "Haya, chai yapoa," alisema. "Kuleni kaimati, zimemwagiwa shira hizo, zikilala haziliki."

Walikula. Waliniwekea mimi kwanza. Wakaanza kuzungumza habari za arusi ya Kibokoni na za maji yaliyokatika, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa jicho baya. Laiti wangenitukana. Mtu akikutukana waweza kujitetea, na mimi kujitetea naweza, nimesomea. Tulipofika nyumbani shangazi alivua kanga ya kichwani, akaikunja, akasema, "Wamekukata maneno hao. Ndio kazi yao."

"Hawakunikata, shangazi. Ndivyo nilivyosema."

"Basi ushasema. Kalale."

Asubuhi aliukanda unga wa mahamri kama kawaida. Mimi sikujitokeza barazani. Nilipitia mlango wa uani kila nilipotaka kwenda mahali, hata dukani, kwa njia ndefu ya vichochoro, ili nisipite mbele ya ngazi za mihogo. Siku moja nilikutana na mama wa mihogo huko huko uchochoroni, amebeba ndoo. Alinisalimu kwanza yeye, mkubwa wangu, akaniuliza kama naumwa, na nilipofika nyumbani niliona haya zaidi kwa ile salamu kuliko kwa yote.

Kilichonitoa ndani ni kwamba hatua moja ilikuwa bado. Baada ya Mara ya Pili, Bunge hujigeuza kuwa Kamati ya Bunge Zima, na hapo wabunge huupitia mswada kifungu kwa kifungu. Mbunge yeyote anaweza kuleta pendekezo la kubadilisha kifungu au kukifuta, mradi ametoa taarifa mapema. Hakuhitajika ila mmoja. Na mbunge wetu, kama wengi wao, mwisho wa wiki hurudi nyumbani na kusikiza watu katika ofisi ya eneobunge.

Nikaenda barazani. Niliwakuta wote watatu, moto umewashwa, wateja wachache. Niliwaeleza. Niliwaambia waende kwa mbunge, kila mmoja aseme kwa kinywa chake kwamba hakitaki kifungu kile.

"Tukaseme nini, na wewe ushasema?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Mkaseme hamkitaki."

"Yaani twende kwa mbunge tumwambie kijana wetu alisema upuzi. Mbele ya watu."

"Lakini nilisema upuzi, Bi Mkubwa."

"Hilo lako. Mimi siwezi kulisema."

Mama wa mihogo aligeuza mihogo yake karaini. "Nami, mwanangu, nakaa baraza ya watu," alisema taratibu. "Nikinyanyuka kukukanusha wewe, mtoto wa mtaa, nikirudi hapa nitaketi vipi? Ikiwa ni kwenda, tutakusindikiza. Utasema wewe. Safari hii utasema vizuri."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa akikoroga unga wa kuchovyea viazi. "Nimekusomesha wewe useme," alisema bila kuinua uso. "Leo wewe waniambia niseme mimi?"

Hapo ndipo nilipofahamu kinachotendeka, na nilitamani ardhi inimeze. Walikuwa tayari kuyapoteza makarai yao ili mimi nisiaibike. Heshima niliyopewa Tononoka bado ilikuwa juu yangu, kama nguo ya kuazima, na maadamu nilikuwa nimeivaa hawangefungua midomo.

Siku zilizobaki nilifikiri, kwa maana ya kufikiri kwangu, yaani nilijizungusha. Niende peke yangu? Nilijaribu mbele ya kioo cha kabati. Nilianza kwa "kifungu hiki kifutwe" na kabla ya sentensi ya tatu nikajisikia nikisema "ijapokuwa". Nikajaribu tena, "ijapokuwa" ikarudi kwa mlango mwengine. Nimwandikie mbunge barua pepe? Angejibu msaidizi wake, kwa kunishukuru. Nimpate mtu mwengine awe msemaji? Nani angekubali kukaa mahali ambapo bado pana mtu? Na chini ya maswali haya yote lilikaa jingine, baya zaidi: je, sikuwa bado nataka mbunge anikumbuke?

Jumamosi tulikwenda. Walinisindikiza kama walivyoahidi, shangazi kulia kwangu, Bi Mkubwa na bakora yake, mama wa mihogo, na wengine kadhaa wa mtaa. Tulisubiri kwenye mabenchi pamoja na watu waliokuja kuomba basari za watoto wao. Zamu yetu ilipofika tuliingia wote, chumba kikawa kidogo. Mbunge alisimama kutuamkia, akawashika mkono wazee, akawauliza hali za nyumbani mmoja mmoja kama inavyotakikana. Kisha aliniona, akatabasamu.

"Wewe si yule binti wa kamati? Nimeusoma mchango wako kwenye ripoti. Ndoo, ndoo ukae hapa mbele." Akavuta kiti, akakiweka kando ya meza, karibu naye.

Nakiri kwamba nilikitazama kiti kile. Nilikitazama kwa muda ambao sasa nauonea haya.

"Sikai, mheshimiwa," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mimi si msemaji wao tena. Tononoka nilisema niliyotaka mimi yasikiwe. Si yao. Wao hawakitaki kile kifungu, na walinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama mbele yao. Waulize wenyewe."

Niligeuka. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Mkubwa alikuwa akitazama ukuta, mahali palipokuwa na picha ya Rais. Mama wa mihogo aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Mbunge alisubiri, kalamu mkononi. Nikaona kwamba maneno yangu hayakutosha. Maadamu nilikuwa bado chumbani, desturi ilikuwa bado chumbani.

Nikawaomba radhi. Nikapita katikati yao, wakanipisha kwa shida kwa kuwa tulikuwa tumebanana, nikatoka na kuuvuta mlango nyuma yangu mpaka ukashika. Niliketi kwenye benchi pembeni ya mwanamume aliyebeba vyeti vya shule vya mwanawe. Kisha nilisikia sauti ya shangazi, ile anayowaitia wateja, kubwa, bila salamu na bila utangulizi, na kabla hajamaliza mwengine alimdakia, na mwengine tena, wote wakisema kwa pamoja.